Baridi ya Agosti Inayounguza Maua: Mwongozo kwa Bustani za Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa sita na wa saba, mtu wa Mbeya, Makete au Njombe hahitaji kuambiwa kwamba kuna baridi. Makoti yametoka kabatini, na bustani nayo imetulia: dalia zimekauka juu, miwaridi haichipui, haidrenjia zimebaki vijiti. Mimea iliyolala hivyo huvumilia mengi. Hasara inayouma huja mwishoni mwa kipupwe, kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi wiki za mwanzo za Septemba. Mchana jua limeanza kuchoma, machipukizi mekundu ya waridi yana urefu wa kidole, na watu wameshaanza kupanda miche nje. Kisha unakuja usiku mmoja mkavu, nyota zimejaa, upepo umekata, na asubuhi kila kilicho kichanga kimeungua.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya usiku huo. Ukishika neno moja tu hapa, shika hili: maua huokolewa alasiri. Anayetoka mbio na ndoo saa kumi na moja alfajiri amechelewa, kwa sababu kinachookoa mmea ni joto lililoingia ardhini mchana na likazuiwa lisitoroke usiku.

Kinachotokea usiku

Mchana ardhi hupokea joto la jua, usiku hulirudisha angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudi chini. Kukiwa na upepo, hewa ya juu yenye ujoto kidogo huchanganyika na ya chini. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, joto linakwenda moja kwa moja, na hewa inayogusa udongo na majani ndiyo inayopoa kuliko yote. Kwa hiyo kipimajoto ulichotundika usawa wa kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4 za Selsiasi huku majani ya chini yameshafika sifuri. Wengi hubisha asubuhi: "Redio ilisema nyuzi 4, hii barafu imetoka wapi?" Imetoka hapo.

Huku kwetu kuna mambo mawili yanayoongeza ukali. La kwanza ni mwinuko. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000, na jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huku Njombe ikikaribia 2,000. La pili, ambalo watu hulisahau, ni ukavu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Ikifika Agosti, udongo umekaa muda mrefu bila mvua ya maana. Matundu yake yamejaa hewa, na hewa haishiki joto kama maji. Juu ya udongo huo hewa yenyewe ni kavu, umande unachelewa kutua. Mvuke unapogeuka umande hutoa joto kidogo linalopunguza kasi ya kupoa, na usiku mkavu unatunyima hata hilo. Likiingia wimbi la hewa baridi linalosukumwa kutoka kusini mwa bara, siku mbili tatu zinatosha kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Ndani ya mmea, maji yaliyo kati ya seli ndiyo yanayoganda kwanza. Barafu hiyo hunyonya maji kutoka ndani ya seli hadi utando wake unachanika. Litazame jani la dalia saa mbili asubuhi baada ya usiku wa namna hiyo: limekuwa kijani kizito kinachong'aa, limelegea, ukilibonyeza linaacha unyevu kwenye vidole kama mchicha uliotoka kuchemshwa. Ikifika saa sita mchana limeshaning'inia, jeusi. Jani lililofika hapo halirudi, na hakuna dawa ya dukani ya kulirudisha.

Hatua ya kwanza: jua baridi inatuama wapi

Hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka. Inashuka kwenye miteremko ya milima, inafuata mifereji na vijito, inajaa mabondeni. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja juu ya kilima na nyingine chini karibu na kijito, zinaweza kuamka moja na maua na nyingine na majani meusi. Kitongoji kilicho kwenye kiuno cha mlima mara nyingi kiko salama kuliko tambarare iliyo chini yake, ingawa kiko juu zaidi. Iringa mjini, pale juu ya kingo za miamba, upepo husaidia sana. Tukuyu ina mawingu na unyevunyevu wake. Wenye kazi kubwa ni watu wa Makete, Njombe, Mufindi ya juu, Isyonje na mabonde ya kandokando ya Uyole.

Lakini usiishie kwenye jina la mji, angalia kiwanja chako. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, zunguka kabla jua halijatoka uone nyasi zinakuwa nyeupe wapi kwanza. Chomeka vijiti hapo. Sehemu hizo ndizo zitakazounguza Agosti, na si mahali pa begonia.

Kuna kosa moja nimeliona kwenye nyumba nyingi nzuri. Kiwanja kina mteremko, na upande wa chini mwenye nyumba amepanda ua wa michongoma, mnene, umeshikana hadi ardhini. Anapata usalama, lakini ua huo unazuia hewa baridi isitoke. Inajikusanya mbele ya michongoma, na kama vitalu vya maua viko hapo vinazama ndani yake. Punguza matawi ya chini kwenye kona iliyo chini kabisa ili hewa ipite, hata nafasi ya kuingia paka inasaidia. Ukihofia kuku wa jirani, weka wavu.

Sehemu bora kwa mimea dhaifu ni chini ya ukuta wa tofali au mawe unaotazama magharibi au kaskazini. Katika kipupwe jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta huo hushiba joto mchana na kulitoa taratibu usiku. Ukuta wa magharibi una faida nyingine: jua la asubuhi halifiki mapema, hivyo mmea ulioganda unayeyuka polepole.

Hatua ya pili: usiiamshe mimea kabla ya wakati

Hapa ndipo tunapojiletea hasara wenyewe, kwa nia njema kabisa.

Kupogoa kunaamsha mmea. Mtu anaona mwaridi umechoka mwezi wa saba, anachukua mkasi, anaukata vizuri. Wiki chache baadaye umejaa machipukizi laini, na Agosti haijaisha. Kwa Mbeya mjini na Iringa, ningesubiri angalau hadi katikati ya Agosti. Kwa Njombe, Makete na miteremko ya Uporoto, ningesubiri hadi wiki ya kwanza ya Septemba. Mwaridi uliopogolewa huchukua wiki sita hadi nane kutoa maua, kwa hiyo ukikata mwanzoni mwa Septemba unapata maua kuelekea mwisho wa Oktoba, kabla mvua kubwa hazijaanza kuyaozesha. Huna ulichopoteza.

Mbolea ya kukuzia vilevile. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Agosti usiweke urea wala CAN kwenye maua ya kudumu, na samadi mbichi iache ioze kwanza. Naitrojeni huleta majani mengi, mapana, yaliyojaa maji, na majani ya namna hiyo ndiyo yanayoganda upesi.

Haidrenjia inataka uangalifu wa peke yake. Aina tunazopanda wengi huku, zile za vichwa vikubwa vya bluu na waridi, hutoa maua kwenye macho yaliyoundwa msimu uliopita, hasa yale ya ncha za matawi. Ncha zikiungua Agosti, mmea hautakufa, utajaa majani mazuri tu, lakini mwaka huo sahau maua. Kwa hiyo usikate vile vichwa vikavu vya mwaka jana wakati wa kipupwe, hata kama mgeni ataona bustani imechakaa. Vinayakinga macho yaliyo chini yake. Vikate baridi ikiisha, sentimita chache tu, juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyovimba.

Na ukinunua miche kwenye vitalu vya kando ya barabara, muulize muuzaji: "Dada, miche hii imekuwa ikilala nje au ndani ya neti?" Iliyolelewa ndani ya neti, au iliyoletwa kutoka maeneo ya joto, izoeshe wiki moja: mchana nje, usiku barazani. Mche uliozoeshwa hukaza majani na huvumilia baridi ambayo ingeua ndugu yake.

Hatua ya tatu: isome jioni

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa kipupwe cha Juni hadi Agosti, pamoja na utabiri wa kila siku. Ufuatilie, lakini kumbuka kuwa joto la kituo hupimwa ndani ya kisanduku chenye kivuli, juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja. Kwenye nyasi za bondeni kwako toa nyuzi 4 au 5.

Kisha tazama mwenyewe kuanzia saa tisa alasiri. Siku mbili za upepo baridi wa kusini, halafu upepo unakata ghafla alasiri. Mawingu yanaondoka. Midomo inakauka. Moshi wa majiko unapanda kidogo kisha unalala juu ya mabati badala ya kutawanyika: hapo hewa imetulia, na baridi inaanza kushuka. Ukiziona dalili hizo pamoja, usingoje uthibitisho mwingine. Kama una kipimajoto, kiweke usawa wa maua, siyo ukutani. Kwangu mimi nyuzi 8 au chini ya hapo saa mbili usiku, anga likiwa wazi, inatosha kunirudisha nje nikaongeze shuka la pili.

Hatua ya nne: mwagilia mchana, ondoa matandazo

Utabiri au upepo baridi wa kusini ukikuonya mapema kuwa usiku mbaya unakuja, mwagilia kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Lowesha udongo, siyo majani. Mwaridi mkubwa upate ndoo nzima. Kitalu kiloe hadi kina cha kiganja. Maji hujaza matundu ya udongo, hupokea joto la jua na kulipandisha taratibu usiku. Ukimwagilia jioni, maji ya baridi hayapati nafasi ya kupashwa.

Matandazo yanahitaji maelezo, kwa sababu tumefundishwa, na ni kweli, kwamba udongo usiachwe wazi kiangazi. Kwa siku nyingi za mwaka fuata hilo. Ila kwa siku chache za hatari, nyasi kavu zilizotandazwa chini ya maua mafupi zinafanya kazi kinyume: mchana zinazuia jua lisiupashe udongo, usiku zinazuia joto lisipande kufika kwenye majani. Zisogeze pembeni asubuhi, acha udongo upate jua, mwagilia, halafu zirudishe hali ikitulia. Kwa mimea iliyolala ardhini ni kinyume chake. Viazi vya dalia, kana na gladiola vifunikwe zaidi, na kama uko karibu na viwanda vya mbao vya Mafinga, maranda yapo tele: kina cha sentimita 10 kinatosha.

Hatua ya tano: funika kabla jua halijazama

Mwishoni mwa Agosti jua la Mbeya huzama saa moja kasoro hivi. Vifuniko viwe vimekaa saa kumi na mbili, wakati udongo bado una ujoto.

Mashuka chakavu, vitenge vilivyochuja, magunia ya katani, viroba vilivyofuliwa, vyote vinafaa. Nguo ni bora kuliko nailoni, maana jani linalogusa nailoni huungua pale pale lilipogusa. Kama nailoni ndiyo uliyo nayo, pinda fito za mianzi juu ya kitalu zishike nailoni mbali na majani. Miche midogo ifunike kwa ndoo au maboksi.

Sasa tazama kwa makini jinsi ya kuweka. Wengi hufunga kitenge juu ya mwaridi na kukikaza kwa kamba kwenye shina, unabaki kama umevishwa kofia. Inaonekana nadhifu, haisaidii chochote: joto liko ardhini, na umelifungia nje. Kifuniko kishuke hadi udongoni pande zote, kisha ukiwekee mawe au vipande vya tofali pembezoni pasibaki mwanya. Unataka kulinasa joto linalopanda kutoka chini.

Ukitaka kuongeza nguvu, jaza maji kwenye madumu ya lita 5, yaache juani kutwa, na jioni yaingize chini ya kifuniko. Yatatoa joto usiku kucha.

Maua ya kwenye makopo na vyungu yana hatari ya ziada, kwani baridi huingia kutoka pembeni hadi kwenye mizizi. Yaingize barazani, yabananishe pamoja karibu na ukuta.

Moshi haufai. Kuchoma majani au, vibaya zaidi, matairi, hakuzuii joto lisitoroke ardhini. Moshi hupita bila kulishika, na wa matairi ni sumu kwako na kwa majirani. Kunyunyiza maji usiku nako ni kwa mashamba yenye mitambo: maji yakiganda hutoa joto, na majani hubaki karibu na sifuri mradi maji hayakatiki hata kidogo hadi barafu iyeyuke asubuhi. Ukinyunyiza kwa keni mara moja ukaenda kulala, unaongeza baridi.

Hatua ya sita: asubuhi, usiwe na haraka

Baridi kali kuliko yote huja karibu na macheo. Acha vifuniko hadi jua lifike na weupe wa nyasi za nje uyeyuke, kisha viondoe kabla ya saa nne, maana jua letu la mchana likiukuta mmea ndani ya nailoni litauchemsha.

Kama mmea ulikosa kifuniko na umeganda, usiuguse na usiumwagie maji ya moto. Weka shuka upande wa mashariki liukinge na jua kwa saa moja au mbili. Majani yaliyoganda kidogo, yakiyeyuka taratibu, mengine hupona.

Kilichoungua

Mkono utakuwasha kukata. Zuia. Matawi yaliyoungua yanakinga yaliyo chini, na ukikata sasa unaamsha machipukizi mengine kabla baridi haijaondoka. Subiri wiki mbili au tatu, hadi uone uhai mpya unatokea wapi. Ukwangue gome kwa ukucha: kijani chini yake ni uhai, kahawia ni kifo. Kata hadi kwenye kijani, juu ya jicho linalotazama nje.

Tofauti ni ile mimea laini isiyo na mti. Begonia na impatiensi zikiwa uji, zing'oe siku hiyo hiyo, na tumba za waridi zilizogeuka kahawia zitoe pia, kwa kuwa kuvu wa kijivu huanzia kwenye petali zilizokufa na kushuka kwenye shina. Bogenvilia ikipukutisha majani yote usikate tamaa, mara nyingi shina ni zima. Jeraniamu hurudi kutoka chini. Dalia iliyokuwa nyeusi juu bado ina viazi vyake: kata bua kwa kiasi cha kiganja juu ya ardhi, funika kwa maranda, itachipua tena. Mbolea ngoja hadi majani mapya yafunguke.

Cha kupanda mahali penye baridi

Pale ulipochomeka vijiti, panda vinavyovumilia: pansi, kalendula, karnesheni, snapdragoni. Mkulima wa pareto wa huku anajua kwamba zao lake linahitaji usiku wa baridi ili litoe maua kwa wingi. Maua meupe ya pareto yanapendeza bustanini pia, na sijui kwa nini hatuyapandi majumbani.

Panda pia kwa kuangalia Kitulo. Uwanda ule wenye mwinuko wa karibu mita 2,600, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na ambao watu huuita Bustani ya Mungu, una aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, na kipupwe huko ni kikali kuliko kwetu. Mengi ya maua yake wakati huo yako chini ya udongo kama viazi na mizizi, yanatoka mvua zikianza, na uwanda huchanua kati ya Novemba na Aprili. Dalia na gladiola zetu zinaweza kufuata utaratibu huo. Gladiola huchukua wiki mbili hadi tatu kutokeza, kwa hiyo kwa Mbeya na Iringa zipande wiki ya mwisho ya Agosti, kwa Njombe na Makete ngoja katikati ya Septemba. Zizike sentimita 10 hadi 15, ncha juu, mwagilia mara moja tu, kisha usiongeze maji hadi uone majani.